Neno la Kwanza la Bi Ngiri Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Watoto mpo?

Tupo!

Na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi?

Tupo!

Basi sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima kikavu. Kikavu, kikavu, kikavu kweli. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mbio, wuuu! yakazoa udongo, yakaenda zake. Chini ya kilima walikaa majirani wawili, Bi Ngiri na Bi Digidigi. Waume walishinda barazani. Wake walifuata maji mbali, wakarudi na migongo inauma, na hakuna aliyewauliza neno.

Siku moja Bi Ngiri akasema, "Mwenzangu, maji yanatukimbia. Tuyazuie."

"Tutayazuia na nini?"

"Na pua yangu na kwato zako."

Wakapanda kilimani. Bi Ngiri akachimba mitaro, chimbu! chimbu! Bi Digidigi akapanda majani kwenye kingo, akaukanyaga udongo ushike, kwatu! kwatu! Jua likawaka, wakachimba. Baraza likawacheka, wakachimba. Wakichoka, waliimba:

Maji njooni, msikimbie,
kaeni nasi tuwatunze.

Mvua ikaja. Maji yakashuka, yakakuta mtaro, yakatulia. Yakazama ardhini polepole. Na chini ya kilima, tiririri! chemchemi iliyokauka zamani ikafufuka.

Bi Ngiri akalima viazi kando ya chemchemi. Vikajaa! Akala, akagawa, akasifiwa. Mzee Nyati, mkuu wa baraza, akamwekea kigoda. "Njoo ukae nasi." Hakuna jike aliyewahi kukaa pale. Bi Digidigi hakuitwa. Yeye hali viazi, hana bustani, riziki yake ni machipukizi ya kilimani. Lakini alimpigia mwenzake vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Baraza likakaa. Mzee Nyati akasema, "Mitaro inakanyagwa. Tukifunge kilima. Asipande yeyote kula majani huko."

Wote wakaitikia. Mzee Nyati akageuka. "Bi Ngiri, unasemaje?"

Bi Ngiri akamwona Bi Digidigi moyoni. Akakiona na kigoda alichokalia. Akaogopa wasije wakakiondoa.

Akasema, "Na kifungwe."

Neno lake la kwanza barazani, jamani. Ndilo hilo!

Kilima kikazungushiwa miiba. Bi Digidigi akaenda huku, miiba. Akaenda kule, miiba. Wanawe wakakonda.

Asubuhi moja wawili hao wakakutana chemchemini. Bi Ngiri akafungua kinywa amsalimu kama zamani. Bi Digidigi akamwahi, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Shikamoo! Rika lake! Mwenzake wa mtaroni! Marahaba haikutoka. Uso wa Bi Ngiri uliwaka moto, akatazama chini.

"Inuka, mwenzangu. Tafadhali inuka."

"Nina ombi, Bi Mkubwa. Majani yanayodondoka nje ya miiba, niruhusu niwaokotee wanangu."

Bi Ngiri alikimbia mpaka barazani. Hakukaa kwenye kigoda. Alipiga magoti mbele ya kigoda hicho, wote wanamwona.

"Wazee, nina aibu. Kilima hiki tulikifufua wawili. Mliponiuliza, nilimjua atakayelala na njaa. Nikamfungia."

Mzee Nyati akakunja uso. "Neno lilitoka kinywani mwako mwenyewe!"

"Ndilo linaloniaibisha. Kwato za mwenzangu ni nyepesi, hazibomoi mtaro. Wenye kwato nzito ni ninyi, mlio hapa."

Wazee wakaangalia miguu yao. Miiba ikaondolewa. Wazito wakakatazwa kupanda, wepesi wakaruhusiwa kula katikati ya mitaro, na Bi Digidigi akawekewa kigoda chake barazani.

Bi Ngiri akaenda nyumbani kwa Bi Digidigi kumwomba radhi. Akapiga magoti tena. "Nisamehe, mwenzangu."

Bi Digidigi alikuwa akiwalisha wanawe.

"Majani nimeyapata, Bi Ngiri, na ahsante. Lakini hilo neno la kuitana mwenzangu, ngoja kwanza."

Bi Ngiri akangoja. Mpaka leo, mkimwona ngiri anakula, anakula amepiga magoti. Msimcheke. Ni aibu ile.

Sikieni basi, wadogo kwa wakubwa: ukipewa nafasi ya kusema, mtetee yule uliyechimba naye. Ukimtupa ili ukae pazuri, nafasi hiyo si heshima, ni aibu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aondoke nayo, aliyesinzia amwulize jirani yake.