Hati Ndani ya Mzinga

Afichaye peke yake hutafuta peke yake. Mmenisikia asubuhi nikimwambia hivyo baba yenu mdogo, alipokuwa akiipekua nyumba nzima na kumfokea kila aliyemuuliza anatafuta nini, nanyi mmekuja kutaka kujua neno hilo nimelitoa wapi. Sikulitunga mimi. Lilianzia hapa hapa Itundwe, kwa mrina asali mmoja aliyeitwa Mihambo, na lilimgharimu sana. Kaeni niwaeleze, na karanga hizo mzimenye huku mnasikiliza.

Mihambo na mkewe Kalunde walihamia hapa wakiwa na mtoto mgongoni, binti wa miezi minane, jina lake Nyamizi. Hakuna aliyewauliza mtoto yule ni wa nani. Mtoto aliyelala mgongoni mwa mama, nani atamuulizia? Lakini Kalunde hakuwahi kushika mimba. Nyamizi walimchukua katika kituo cha watoto yatima, mbali na huku, kwa sheria na mbele ya hakimu, wakapewa hati ya kuasili yenye muhuri: tangu siku ile mtoto ni wao.

Mihambo aliipenda hati ile na aliiogopa. Ilisema mtoto ni wake, lakini ilisema pia kwamba hakumzaa. Alihofu kwamba siku Nyamizi akiisoma, atamtazama kama mgeni amtazamavyo mwenyeji aliyemlisha vizuri, amshukuru, kisha afunge mizigo yake. Basi akaikunja, akaitia katika mkebe wa majani ya chai, akaugandisha mkebe kwa nta ndani kabisa ya mzinga mmoja mkuukuu, upande wa nyuma uliozibwa. Mnajua desturi yetu: mtu hafungui mzinga wa mwenzake, hata uwe mtupu, hata uwe umelala uani unapigwa jua. Itundwe nzima hapakuwa na kabati lenye kufuli lililokuwa salama kuliko mzinga ule. Hata Kalunde hakumwonyesha.

Nyamizi alipokuwa na miaka kumi na miwili, Kalunde aliugua, na alipoona kwamba hatapona alimshika mumewe mkono akamwambia, "Mwambie mtoto. Mimi nimeshindwa." Mihambo akaitikia. Akamzika mkewe, akajifunza kusuka nywele za binti yake, vibaya kweli kweli, mpaka majirani wakamcheka. Akamfundisha kuchonga mizinga, kuitundika, kuwasha moshi, kulina bila kuua nyuki. Hilo la kumwambia akalisogeza kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, ikawa miaka saba.

Mwaka wa sita katika hiyo saba, Mihambo alianguka mtini akavunjika mguu, akalazwa hospitali miezi mitatu. Aliporudi alikuta ile mizinga iliyokuwa imelala uani haipo hata mmoja. Nyamizi alikuwa ameibeba mwenyewe porini na kuitundika, ili msimu usiwapite. Mihambo alimshukuru sana, na huku anashukuru aliukumbuka ule mzinga wenye mkebe, uliokuwa umelala pamoja na mingine. Alimuuliza kwa kuzungukazunguka, "Ile mizinga ya zamani, uliitundika yote?"

"Yote iliyofaa, baba," Nyamizi akajibu.

Angeuliza swali moja zaidi, mimi leo nisingekuwa na hadithi. Hakuuliza.

Sasa ikaja barua. Nyamizi alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi huko mjini, jambo ambalo binti wa Itundwe hakuwahi kulipata. Apeleke cheti cha kuzaliwa ndani ya siku kumi, au nafasi apewe mwingine. Siku ya kwanza Mihambo alipanda basi la alfajiri, akaenda mjini peke yake, ofisi ya vizazi na vifo. Karani akamwambia, "Mzee, mtoto wa kuasili haandikiwi cheti bila hati ya mahakama. Lete hati, cheti utakipata siku hiyo hiyo." Mihambo akauliza kama anaweza kupata nakala nyingine. Karani akamwambia ipo, ila huchukua miezi.

Zilibaki siku tisa. Mizinga porini ilikuwa ishirini na mitatu, yote imefungwa nyasi mwili mzima, huwezi kuujua mmoja na mwingine bila kuingiza mkono. Kila alfajiri Mihambo alitoka na mguu wake mbovu, akapanda, akafungua, akapapasa mpaka nyuma. Ulikuwa wakati wa miti kuchanua, masega yamejaa majana, yaani watoto wa nyuki, asali bado. Ukiufungua mzinga wakati huo na kuyavunja masega, nyuki wanahama. Mihambo alijua hilo kuliko mtu yeyote, na aliendelea. Nyamizi alipokuta mizinga imevurugwa, alimkimbilia baba yake analia. Baba akamwambia, "Ni nyegere huyo, mnyama mwizi wa mizinga." Majirani nao wakaingiwa na hofu kwa mizinga yao, wakaanza kunoa mikuki.

Siku ya kumi, siku ya mwisho ya barua, Nyamizi alitangulia porini na panga, akajibanza nyuma ya kichaka kumvizia huyo nyegere. Kulipopambazuka alisikia matawi yakivunjika, akatoka mbio. Juu ya mti alikuwepo baba yake, mkono umezama ndani ya mzinga hadi begani.

"Baba! Nyegere ni wewe?"

Mihambo akautoa mkono. Alishuka polepole, akakaa chini ya mti. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba.

"Unatafuta nini humo, baba?"

"Hakikuhusu."

Nyamizi aliliweka panga chini. Alipiga magoti nyuma ya baba yake, akaanza kumtoa miiba ya nyuki shingoni kwa ukucha, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitolewa yeye utotoni. Mkono ule ndio uliomshinda Mihambo.

"Mwanangu," akasema, "mimi na mama yako hatukukuzaa."

Mkono wa Nyamizi ukasimama. Mihambo akafumba na lile jicho jingine, akasema yote: kituo, hakimu, hati, mkebe, na neno la Kalunde kitandani. Binti alilia. Alilia muda mrefu, na baba yake hakuthubutu kugeuka kumtazama.

"Mzinga gani?" Nyamizi akauliza mwishowe.

"Wa mninga. Mgongoni una alama ya moto."

"Wenye ufa ubavuni?"

"Huo huo."

"Baba, ule sikuutundika. Una ufa, nyuki wangekaaje? Nilimpa Mama Shija, kuku wake watagie."

Kati ya nyumba ya Mihambo na ya Mama Shija pana kijishamba cha mihogo tu, mtu akikohoa huku anaitikiwa kule. Walikwenda, mmoja anachechemea na mwingine anafuta macho. Mama Shija alimwinua kuku aliyekuwa akiatamia, na Mihambo akaingiza mkono mpaka mwisho. Mkebe ulikuwepo. Hati ilikuwa kavu, haina hata doa.

Nyamizi aliisoma palepale akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho, kisha akairudia. Alipomaliza alimtazama baba yake.

"Siku tisa, baba! Ningekuambia siku ya kwanza."

"Niliogopa ungeniacha."

"Ningekuacha niende wapi?"

Lakini basi la mjini lilikuwa moja, na lilikwisha kuondoka. Walilipanda kesho yake. Karani aliandika cheti kama alivyoahidi, wakakipeleka chuoni mbio mbio, wakaambiwa nafasi imeshapewa mwingine, wajaribu mwaka ujao. Nyamizi alirudi Itundwe kusubiri mwaka mzima. Na katika ile mizinga ishirini na mitatu, kumi na moja ilikuwa mitupu. Nyuki wake hawakurudi.

Siku ile walipofika kutoka mjini walikuta wanaume wamekusanyika na mikuki na mbwa, tayari kwenda kumsaka nyegere. Mihambo angeweza kuwaacha waende. Wangezunguka pori, wangerudi mikono mitupu, na siri yake ingebaki ndani ya nyumba yake. Badala yake aliwaomba waketi. Nyamizi akasimama karibu naye.

"Wekeni mikuki," Mihambo akasema. "Mizinga yangu niliivunja mwenyewe. Nilikuwa natafuta karatasi isemayo kwamba huyu ni mwanangu, ingawa sikumzaa. Nilimficha yeye, nikawaficha ninyi, nikamficha hata marehemu mke wangu mahali nilipoiweka. Ilipopotea sikuwa na wa kumuuliza. Mtoto huyu alijua mzinga ulipo siku zote, na nafasi yake imepotea nikiwa juu ya miti."

Hakuna aliyecheka. Mihambo alishika bega la binti yake, maana mguu ulikuwa ukimuuma.

"Nanyi mna yenu mliyoyafukia," akasema. "Afichaye peke yake hutafuta peke yake."