Tanuri la Semboja

"Ukiharakisha tanuri, utalilia ukuta." Mmemsikia fundi akiambiwa hivyo asubuhi, nanyi mwaniuliza yametoka wapi maneno hayo. Wajukuu zangu, methali hii ilianza hivi, hapa hapa Kwemsala, nami nilikuwapo.

Mwaka ule barabara ilikatika, saruji ikawa adimu. Fundi Semboja alijua njia. Aliuchoma udongo mweupe wa bondeni katika tanuri lake mpaka ukaiva, akausaga ukawa unga laini, akauchanganya na saruji kidogo tuliyokuwa nayo. Mifuko sita ilifanya kazi ya mifuko tisa. Tangi la maji alilojenga shuleni halikuvuja hata tone.

Tukamwomba ajenge jingine kwenye zahanati. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na mawingu ya masika yalikuwa yameshatanda. Siku ya pili ya kuchoma nikamfuata tanurini.

"Fundi, fungua. Mvua hiyo inakuja."

"Mwenyekiti, udongo wa katikati bado haujaiva. Nipe mpaka kesho."

"Si utachanganywa na saruji? Nani atajua?"

"Ukuta utajua."

Nikamwambia kama hawezi, tutamwita fundi mwingine. Akachukua koleo, akafungua.

Tangi likajengwa, likakauka, likapendeza. Mvua ilipofika likajaa, watu wakanishika mkono kunishukuru. Siku ya tano ukuta ukapasuka. Chini yake alikuwapo Bi Mnyamisi, mkunga wetu, dada yake Semboja wa tumbo moja, akifua mashuka ya wodi. Tulifukua vifusi kwa mikono. Tulipomfikia alikuwa ameshakata roho. Ninyi hamkumjua, lakini baba zenu wote walizaliwa mikononi mwake.

Baada ya mazishi nilikwenda kumwomba Semboja radhi. Hakunikaripia. Alikuwa ameshika kipande cha ule ukuta; akakifikicha kwa vidole, kikamwagika kama unga.

"Ukiharakisha tanuri, utalilia ukuta," akasema. "Nami nililifungua kwa mkono wangu."

Waliokuwa msibani wakayasikia, wakaondoka nayo. Semboja alihama kabla ya arobaini, na hatujamwona tena.

Siku hizi watu huwaambia mafundi maneno hayo, kana kwamba fundi ndiye aliyekuwa na haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Nimekuwa nikilia tangu siku ile, na mkunga hajarudi. Basi mkiyasema, myaseme mkijua: ukiharakisha tanuri, utalilia ukuta.