Firigisi ya Jogoo wa Mwantumu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wafalme na majini, ni zamani ya juzijuzi, sukari ilipopanda bei mpaka mgeni akiulizwa "nikuwekee vijiko vingapi?" anahisi anatishwa, hapo zamani, sogeeni mnisikie, palikuwa na mwanamke jina lake Mwantumu.

Mwantumu aliishi pembezoni mwa mji wa Korogwe pamoja na mumewe Mhina, fundi mashine katika kiwanda cha mkonge, na mama mkwe wake, Bi Mashavu, ambaye nyumba ilikuwa yake. Watoto walikuwa watatu. Wa kwanza Sikudhani, binti wa miaka saba. Wa pili Kitwana, aliyekula kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Wa tatu Riziki, bado ananyonya.

Basi kiwanda kikapunguza zamu. Mhina aliyekuwa akienda kazini wiki nzima akawa anaenda nusu wiki. Mshahara ukakatika katikati kama muwa. Lakini matumbo ya watoto hayakupewa taarifa. Yaliendelea kama kawaida.

Jioni moja Mhina alinawa mikono, akakaa, akasema, "Mama Sikudhani, dada Mwanamvua amenipigia simu kutoka Tabora. Anasema yeye hana mtoto, sisi tunao watatu. Anamtaka Sikudhani akamlee. Atakula, atasoma."

Mwantumu akauliza, "Kwa nini Sikudhani?"

"Kitwana hajajua kufunga viatu."

Mwantumu akatazama viatu vya Kitwana mlangoni. Kweli havikuwa vimefungwa. Akauliza tena, "Na kinachotushinda hasa ni kitu gani, Baba Sikudhani?"

"Chakula. Kodi hatulipi, nyumba ni ya mama. Chakula ndicho tulichokuwa tukikimeza, sasa kinatumeza sisi."

"Wifi atakuja lini?"

"Shule zikifungwa."

"Basi niachie mpaka shule zifungwe. Akija akakuta jiko hili linajilisha, mtoto habanduki hapa."

Mhina akasema, "Haya." Bi Mashavu alikuwa pale pale mkekani, anatafuna. Na Sikudhani alikuwa nje anaosha mabakuli. Mlango wa nyumba ile ulikuwa pazia, na pazia huzuia nzi, halizuii maneno.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mwantumu mwenyewe.

Mpaka siku ile Mwantumu alinunua kama wanunuavyo majirani: kila jioni dukani kwa Mzee Faki, mafuta ya kupima kwenye kifuko, unga wa siku moja, sukari robo, dagaa fungu. Vitu vidogo, na kila kidogo kina faida ya Mzee Faki ndani yake. Mwantumu alilijua hilo siku zote, ila mwenye pesa ya leo hununua cha leo. Kununua cha mwezi kunataka pesa ya mwezi.

Akavua herini zake. Zilikuwa za dhahabu, alivishwa na mama yake siku ya harusi. Akaziuza kwa sonara, hakusimama kutazama zikipimwa. Siku ya gulio akavuka mto na Riziki mgongoni, akanunua mahindi debe, maharage debe, mafuta dumu zima, chumvi ya kutosha. Akarudi na debe kichwani, akalitua, akaenda tena kufuata la pili. Gulio lililofuata akafanya vivyo hivyo kwa dagaa na vitunguu.

Mzee Faki akamsimamisha njiani. "Mwantumu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mzee Faki. Kipimo chako kidogo, na wanangu wanakua."

Na wakati wa kula, Mwantumu alipakua kwa wote, kisha akakaa na sufuria, akakwangua ukoko. Akiulizwa, alisema, "Mimi nimeonjaonja jikoni." Hakuwa ameonja kitu.

Matumizi yakashuka. Yalishuka, lakini hayakufika chini.

Wa pili kuinuka alikuwa Bi Mashavu. Huyu kuinuka kwake kulichukua muda, kwa sababu ya magoti.

Alikusanya viroba vitupu, akavijaza udongo na mavi ya mbuzi, akavipanga ukutani kama wagonjwa wa zahanati. Akapanda mchicha, matembele na nyanya chungu. Hakuna maji yaliyomwagwa nyumbani mle bila ruhusa yake. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye viroba. Maji aliyoogea Riziki yalikwenda kwenye viroba. Maharage aliyaloweka tangu jana yake, yakaiva kwa mkaa kiganja. Na sukari akaihamishia chumbani, akaifungia kwenye sanduku lake, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi chai ilikuwa ya mchaichai, na mwenye shida ya sukari alitakiwa kueleza shida yake.

"Mama," Mhina alisema, "kijiko kimoja tu."

"Cha nini, mwanangu? Wewe mtamu tangu nilipokuzaa."

Kitwana alikataa majani. Alisema majani ni ya mbuzi. Bi Mashavu hakubishana naye. Alichukua bakuli la mchicha, akalifunika, akaliweka mbali, akasema, "Haya ya wanajeshi. Mtoto asiguse." Aliporudi kutoka kuchota maji, bakuli lilikuwa tupu na Kitwana alikuwa amesimama wima kifua mbele.

Siku moja Bi Mashavu aliteleza na ndoo, mguu ukavimba. Akaendelea kumwagilia akiwa amekaa, akijiburuta kutoka kiroba hadi kiroba.

Matumizi yakashuka. Yalishuka tena, lakini hayakufika chini.

Wa tatu hakuna aliyemwona akiinuka.

Sikudhani alianza kuacha chakula. Alikula tonge chache, akasukuma sahani kwa Kitwana, akasema, "Nimeshiba." Mwantumu alidhani bibi yake amempa kitu mchana. Bi Mashavu alidhani mama yake amempa kitu jikoni. Kitwana hakudhani chochote, alikula.

Asubuhi moja mwalimu aliingia uani amembeba Sikudhani. Alikuwa ameanguka mstarini, wenzake wakiimba. Mwantumu akamkimbiza zahanati. Mganga alimpima kidole, akamtazama macho, akambonyeza tumbo, akasema, "Mama, mtoto huyu hana malaria. Mtoto huyu ana njaa."

Mwantumu akaitika, "Ahsante." Hakujua aliitikia nini.

Walipokuwa wanarudi alimuuliza, "Mwanangu, mbona huli?"

Sikudhani akajibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Nikila kidogo sitapelekwa Tabora."

Mwantumu akakaa chini. Hapo hapo kando ya barabara, kwenye vumbi, na kanga yake nzuri. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akauliza kama amepoteza kitu. Mwantumu akasema hapana. Yule mtu akatazama chini kidogo amsaidie kutafuta, kisha akaenda zake.

Tangu siku hiyo Sikudhani alinunuliwa maziwa na mayai. Matumizi yakapanda. Yalipanda yakapita pale yalipoanzia, na shule zilikuwa karibu kufungwa.

Wa nne kuinuka alikuwa Mhina.

Mwantumu alimweleza yote, maneno ya mganga na maneno ya mtoto. Mhina akasema, "Mama Sikudhani, ile nauli ninayochukua kila siku ya kazi..."

"Nauli ya kiwandani."

"Kiwandani naenda kwa miguu."

"Na nauli?"

"Supu. Supu ya mbuzi na chapati, kwenye mgahawa wa pale getini. Na chapati wakati mwingine inakuwa mbili."

Tangu lini? Tangu kabla ya Riziki kuzaliwa. Mwantumu alikumbuka ukoko. Alikumbuka njia ya gulioni na debe. Alishika masikio yake, yale matundu matupu, akayaachia. Aliingia ndani, akalala ameelekea ukutani.

Siku iliyofuata ya kazi Mhina alibeba makande ya baridi kwenye kopo. Wenzake wakamcheka. "Fundi, umehama supu?" Akasema, "Nimehama." Na siku ambazo hakuwa na zamu, hakukaa tena barazani. Alikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, akamtengenezea mkanda na magurudumu, naye akakubali kusaga mahindi ya nyumba ile bure. Pesa ya supu ikanunua maziwa, ikanunua mayai, na ikabaki.

Matumizi yakashuka. Safari hii yalifika chini, yakakaa.

Shule zikafungwa. Shangazi Mwanamvua akashuka kwenye basi na kisanduku kipya chekundu, kidogo, cha mtoto. Mwantumu alikuwa ameshakwenda gulioni na kile kilichobaki, cha kwanza kubaki tangu zamu zipunguzwe, akanunua jogoo. Akampika kwa nazi.

Shangazi alizunguka nyumba kama anasalimia, kumbe anakagua. Akaona madebe yenye mahindi. Akaona dumu. Akaona viroba vya mchicha. Akamwona Sikudhani, mashavu yamerudi. Akakaa mkekani na kisanduku chake mapajani.

"Kaka," alimwambia Mhina, "mtoto wenu mnamlisha. Sitamchukua." Akapapasa kifuniko cha kile kisanduku, akakitoa mapajani taratibu, akakiweka nyuma yake asikione. Mwantumu aliliona hilo, akamsogezea maji ya kunawa kabla ya watu wote.

Bakuli likafunuliwa. Na juu ya nyama ilikaa firigisi, moja, kama kuku wote walivyo.

Katika nyumba ile firigisi ilikuwa ya Mhina. Haikuwahi kujadiliwa. Siku ile Mwantumu aliichota akamwekea mgeni.

Shangazi akairudisha. "Mimi nimekuja kuchukua mtoto, nimemkosa. Siwezi kuondoka na firigisi."

Mhina akanyoosha mkono, akaurudisha. "Leo hii sijui ni ya nani," alisema. "Dada, wewe hukuwapo. Tuamulie."

Bi Mashavu akatangulia, kwa haki ya umri. "Ni yangu. Mwantumu kaenda gulioni siku za gulio. Mimi viroba vyangu sikuviacha hata siku moja, kwa mguu mzima na kwa mguu mbovu. Na meno yangu yanahesabika. Firigisi ijayo sijui itanikuta na jino gani."

Mhina akasema, "Mnajua mimi ni mkosaji. Lakini semeni kweli. Mama kapanda, mke wangu kabeba, na matumizi hayakufika chini. Siku niliyoacha supu ndiyo siku nyumba hii ilivuka."

"Mwizi akiacha kuiba anatuzwa?" akauliza Bi Mashavu.

"Akirudisha, mama. Na mimi nimerudisha."

Mwantumu hakuwa msemaji. Wote wakamgeukia. "Herini zangu ziko ndani ya madebe yale," alisema. "Bila madebe, hao wengine wasingekuwa na pa kuanzia. Na tangu niolewe, firigisi nimeipasua, nimeimenya, nimeipika, nimeitenga. Ladha yake siijui."

Kitwana akasema, mdomo umejaa, "Sikudhani alinipa ugali wake."

"Mtoto hali firigisi," Bi Mashavu akasema. "Na njaa yake ndiyo iliyotutia hasara. Maziwa yale, mayai yale, nani alinunuliwa?"

"Lakini asingeanguka," akasema Mhina, "mimi ningekuwa getini hadi leo nakunywa supu."

Shangazi akamgeukia mtoto. "Sikudhani, wewe unasemaje? Unaitaka?"

Sikudhani akasema, "Nataka kujua kama siendi."

"Huendi."

Sikudhani akafikiri. "Basi naitaka."

"Nitaikata vipande vinne," akasema Shangazi.

"Ukiikata," Bi Mashavu akasema, "inakuwa nyama tu. Kama ni nyama, si mngeniambia mapema nikale paja?" Na wote, hata Mhina, hata Mwantumu, wakakubali kwamba hilo ni kweli.

Shangazi akashika kijiko. Mchuzi unaanza kupoa. Riziki amelala. Nami nakiacha kijiko pale pale juu ya bakuli, nawageukia ninyi mliokaa hapa mnanitazama. Mwantumu aliuza herini akala ukoko. Bi Mashavu alilima kwa magoti mabovu. Sikudhani alijinyima, akaanguka, akaitia nyumba hasara na akaifumbua macho. Mhina alikomesha uovu wake mwenyewe, na bila kuukomesha pasingekuwa na jogoo.

Je, firigisi ile, nani aliistahili?