Muhuri Uliofungiwa Ofisini

Kikao Maalumu cha Kamati Ndogo ya Kutathmini Uwezekano wa Mtumishi Mmoja Kuendelea Kufanyia Kazi Nyumbani. Ndivyo jambo lenyewe lilivyoitwa. Kamati ilishindwa, basi nawaletea ninyi.

Ofisi ya maji ya mji mmoja wa milimani ilikuwa na watumishi watatu. Wakesho alitunza mafaili na hakujua kuchoka. Mwadime aliielewa kompyuta kama wengine wanavyowaelewa mbuzi wao. Mshila alikuwa na subira ya kumfundisha yeyote, hata bosi. Bosi, Mzee Mwakio, aliamini kitu kimoja tu: muhuri. Kabla ya kuugonga aliupulizia pumzi, haa, wino uamke. Bila muhuri huo, ombi halikuwa ombi.

Ikaja korona, ofisi ikafungwa na muhuri ndani. Watu wa mlimani wakaambiwa wanawe mikono kila mara, na bomba lao bado lilikuwa ombi kwenye faili.

Wakesho akapata ruhusa ya kuyatoa mafaili. Akayabeba kwa magunia hadi kwake, akayapiga picha ukurasa kwa ukurasa juu ya meza ya chakula. Watoto wakawa wanakula wali sakafuni.

Mwadime akatengeneza mfumo wa kuzipokea picha hizo, kila ombi lisomeke popote mtu alipo. Mtandao aliutafuta juu ya tangi la jirani, mwavuli mkononi.

Mshila akaachiwa bosi. Mzee alisema bila muhuri hapitishi hata kijiko cha maji. Mshila akamwelekeza kwa simu, wiki baada ya wiki, kwa adabu, mpaka mzee akabonyeza "Idhinisha". Hadi leo hukipulizia kioo cha kompyuta kwanza.

Bomba likafika mlimani. Ofisi ilipofunguliwa, waraka ukaja: abaki nyumbani mmoja tu, aliyechangia zaidi, mradi wenzake wawili wamkubali. Na wote watatu walikuwa wameshaonja kuwaona watoto wao mchana.

Kikaoni Mwadime alianza kwa upole. "Dada Wakesho, picha hata mtoto wa chekechea hupiga."

"Na mfumo wako ungekula nini, ndugu yangu? Hewa?"

Mshila akacheka peke yake. "Mngekaa na picha na mfumo wenu, na mzee bado anatafuta pa kuwashia."

Wenzake wakamwambia kumbembeleza bosi si kazi, ni tabia. Tangu hapo chai ya saa nne kila mtu alijichemshia yake.

Sasa, wasikilizaji: bila Wakesho hakuna cha kusoma, bila Mwadime hakuna pa kukisomea, bila Mshila hakuna wa kukipitisha. Wewe ungemwacha nani nyumbani?

Kilichotokea ni hiki: hakuna aliyemkubali mwenzake, muda ukaisha, nafasi ikafutwa. Wote watatu wamerudi ofisini, chumba kimoja, na wanaandikiana kwa kompyuta.