Jina Moja la Tabaruku

Hapo zamani, zamani ya jirani tu, ukiiita inaitika, palikuwa na mwandishi aliyechoka. Hakuchoka kuchoka kwa watu, kule kwa kulala ukaamka umepona. Alichoka kama soli ya kiatu cha tarishi. Jina lake Bi Salvina Mkude, wa Morogoro. Siku yenyewe alikuwa amekaa uani kwake, saa tisa mchana, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kalamu mkononi, karatasi mapajani. Karatasi tupu.

Kitabu chake kizima, kurasa mia tatu na ushei, kilikwisha kufika kwa mchapaji. Kilibaki kipande kimoja: tabaruku, ule ukurasa wa mwanzo ambapo mwandishi humtaja mtu aliyemtolea kitabu. Mchapaji alikuwa amepiga simu mara nne. "Mama, mashine naiwasha saa kumi. Jina moja tu, mama! Jina ni kazi?"

Ilikuwa kazi. Na aliyejifunga kamba ni yeye mwenyewe. Miaka mitano nyuma, alipotoa kitabu cha kwanza, furaha ilimlevya, akaandika kwenye ukurasa wa mwisho: "Kitabu cha pili nitakitoa kwa msomaji mmoja, yule ambaye bila yeye kisingekuwapo." Akapiga na sahihi. Mdomo huponza kichwa. Kalamu, kumbe, huponza mpaka miguu.

Vitabu vyenyewe vilihusu koo mbili za wachawi wa mjini. Ukoo wa Mabomba walisafiri ndani ya mabomba ya maji: mtu anazama kwenye sinki Kihonda, anaibukia Mwembesongo, mkavu, na kofia kichwani. Ukoo wa Nyaya walipita kwenye nyaya za umeme, wakajikunyata ndani ya taa za watu kusikiliza umbea. Walikosana harusini, waliponyimana ukoko wa pilau. Tangu hapo wakawa wanakomoana: hawa wakinuna, mtaa hauna maji; wale wakinuna, mtaa hauna umeme. Wasomaji walipofika hapo walifunga kitabu, wakatazamana, wakasema, "Aaa! Kumbe ni hawa!"

Lango likafunguliwa. Akaingia Mwasiti, msusi wa kule sokoni, kitana bado kimechomekwa kichwani.

"Dada Salvina, umeshaandika?"

"Bado, mdogo wangu."

"Andika basi. Mwasiti. Herufi saba, hata wino hauishi."

Bi Salvina asingeweza kumkana. Kitabu cha kwanza kilipotoka hakuna aliyekitaka. Maboksi yalikaa chini ya kitanda, na wasomaji wa awali walikuwa panya. Mwasiti ndiye aliyechukua nakala moja akaweka sheria saluni kwake: kichwa kinachosukwa ndicho kinachosoma, tena kwa sauti. Rasta za saa sita, sura sita. Wanawake wakawa wanarudi kusukwa na nywele bado hazijafumuka, ili wajue nani kafa. Saluni ikagawanyika, benchi la Mabomba huku, benchi la Nyaya kule. Mteja mmoja aliondoka kasukwa upande mmoja tu wa kichwa, kisa kawatukana Mabomba mbele ya mwenye saluni. Mwaka haukuisha, maboksi yakaisha.

"Bila mimi," akasema Mwasiti, "kitabu chako kingefungiwa maandazi. Na cha pili ungemwandikia nani? Panya?"

Kikohozi kikasikika langoni. Alikuwa Mzee Kobelo, fundi bomba mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Huyo asijisifu," akasema mzee. "Mwulize kile kitabu cha saluni kikoje. Nilimpeleka mke wangu pale, nikakishika kwa mikono hii. Sura za Nyaya kazibandika kwa gundi ya nywele! Juu yake kaweka karatasi kaandika mwenyewe! Yule kijana wa Nyaya aliyeshinda vita, kwake kafa kwa kuhara!"

"Alikuwa na dharau," akasema Mwasiti bila haya. "Nikamuua. Wateja wangu walipiga vigelegele."

Bi Salvina akafumba macho. Ndiyo maana walionunua walikuwa wakimjia kulalamika kwamba nakala zao zimekosewa. Kitabu kilichopendwa na mji, kumbe, nusu yake si chake.

"Mimi ndiye niliyesoma ulichoandika wewe," akaendelea Mzee Kobelo. "Kila neno, mara tisa. Nimekuandikia barua arobaini na moja. Ukurasa wa arobaini na sita Bibi Chemchemi kazikwa. Ukurasa wa mia na kumi na mbili anakunywa chai. Kafufuliwa na nani? Na bomba la nusu inchi, mwanangu, halimpitishi mtu mwenye kitambi. Mimi nimefunga mabomba miaka thelathini na nne!"

Kila alichosema kilikuwa kweli, na katika kitabu cha pili kila alichosema kilikuwa kimerekebishwa.

"Bila mimi, kitabu hiki kingevuja kila ukurasa." Sauti ya mzee ikashuka. "Mwanangu, jina langu halijawahi kuchapwa popote, ila kwenye orodha ya wastaafu. Na hapo nako walilikosea."

"Barua ya arobaini na moja, mzee, unaikumbuka?" akauliza Bi Salvina. "Uliniambia niache kuandika, nijaribu kushona. Siku ile nilifungia kalamu kabatini. Mwaka mzima."

Mzee Kobelo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilikuwa nakufunza. Fundi hafunzwi kwa kusifiwa."

Wa tatu hakubisha hodi, maana mtani habishi hodi. Alikuwa Mihayo, mtani wa ukoo wa kina Mkude, na alipitia jikoni kwanza, akatokea na kiazi mdomoni.

"Mtumwa wangu, viazi vyako havina chumvi. Yote umeimwaga kwenye beseni? Unajipika miguu?"

Huyu naye alikuwa na lake. Mwaka ule ule wa kalamu kabatini, dada yake Salvina, Perpetua, alifariki. Ndiye aliyekuwa akiishi naye. Salvina hakulia, hakula, hakusema na mtu. Siku ya maziko Mihayo, kwa haki ya mtani msibani, akarukia ndani ya kaburi, akalala chali, kitabu kifuani, akapiga kelele: "Hapa hazikwi mtu! Marehemu ni wa Mabomba, mimi ni wa Nyaya, na ukoko wa pilau waliula wao! Nipeni khanga zake mbili na jogoo, la sivyo nazima jua!" Waombolezaji wakashika mbavu. Salvina akacheka, akacheka, mpaka machozi yaliyogoma yakatoka yote. Baada ya arobaini akafungua kabati. Alikuwa ameshaujua mwisho wa kitabu cha pili: Bibi Chemchemi anakufa kweli, na kijana wa Nyaya anashuka kutoka kwenye taa, analala kaburini, anadai khanga. Koo zilizokuja na silaha zinacheka. Uadui unageuka utani.

"Bila mimi," akasema Mihayo, "mwandishi mwenyewe tungemzika wiki iliyofuata. Na jogoo wa pili nisingempata, maana alikuwapo mmoja tu."

"Wewe kitabu umekisoma?" akauliza Mzee Kobelo.

"Nilifika sura ya tisa, nikalala. Kinachosha, mtani, unisamehe. Watu wazima wananuniana miaka sitini, hakuna hata mtani wa kuwaambia, wajinga nyie? Nikakipepelea mkaa."

"Msomaji gani huyo!" akafoka mzee.

"Afadhali yeye kapepea mkaa," akasema Mwasiti. "Wewe ulimpulizia mwenzio moto ukazima."

"Na wewe ulimwibia kitabu!"

Wakapandishiana sauti wote watatu. Bi Salvina akawatazama. Alikuwa amepatanisha koo mbili za wachawi, na uani kwake watu watatu wasio na uchawi wowote walikuwa wamemshinda.

"Niwaandike wote," akasema.

"Ulisema mmoja," akajibu Mwasiti. "Na saluni nzima nimeshaitangazia. Ukiniacha, sitapita tena langoni hapa."

"Ukurasa wa mwisho, mstari wa tatu kutoka chini," akasema Mzee Kobelo. "Mmoja."

"Mimi kubanana na hawa? Heri umwandike yule jogoo," akasema Mihayo, lakini safari hii hakucheka.

Bi Salvina alijua. Mwasiti ndiye aliyemletea uji alipougua. Mzee Kobelo ndiye pekee mjini aliyesoma kila neno lake. Mihayo ndiye atakayelala kaburini siku yake yeye. Mmoja angeingia kitabuni. Wawili wangetoka langoni, na huenda wasirudi.

Simu ikalia. "Saa kumi, mama! Mashine inanguruma. Nitajie!"

Akaandika "Kwa". Kalamu ikasimama. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, na vichwa vitatu vilikuwa vimeinama juu ya bega lake.

Haya, jamaa mliokaa kimya, simu iko hewani. Huyu alimpa wasomaji, kwa kitabu alichokichakachua. Huyu alisoma kila neno, akamvunja moyo. Huyu alimrudishia moyo, na kitabu hakukimaliza. Msiseme wote, mwenyewe alishajaribu. Msimwambie akalale, hilo angelipenda mno. Taja mmoja, nawe uwe tayari kuwatazama usoni wale wawili. Je, jina lilimstahili nani?