Paa Lililolala Chini ya Kitanda

Bati la uvunguni halizuii mvua. Mliisikia methali hii jana kisimani mkacheka, mkadhani ni mzaha. Aliyeisema mara ya kwanza hakuwa na hamu ya kucheka, wajukuu zangu, na mimi kila nikiikumbuka hasira hunipanda. Chanzo chake ni hiki.

Benedikti Ndunguru, wa upande ule wa mlima, alikwenda Songea mara moja, akaona nyumba za bati zinavyong'aa, akarudi ameapa kwamba yeye na nyasi basi. Nyasi, alisema, ni chakula cha mchwa na kitanda cha panya. Bati unaezeka leo, unamwachia mjukuu. Hapo hakukosea. Bati ni zuri, hata mimi nalala chini yake.

Kila akiuza kahawa alinunua mabati machache, akayasukuma chini ya kitanda. Nyumba ilitaka thelathini. Yalipofika kumi na manane, chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha buni, ikaingia shambani, kahawa ikanyauka, na ununuzi ukasimama.

Siku hizo, kabla ya mvua za Novemba, majirani walipita nyumba kwa nyumba wakiziba mapaa, kila mtu na mzigo wake wa nyasi. Walipofika kwa Benedikti aliwasimamisha uani.

"Nyumba ya bati haitiwi nyasi," aliwaambia.

Wakatazama paa lake bovu, wakatazamana, wakaondoka na mizigo yao. Mwaka wa pili hawakupita kabisa.

Mvua ya mwaka huo wa pili haikuwa ya kubembeleza. Ilipenya moja kwa moja juu ya kitanda, na Skolastika, mkewe, akaanza kukohoa. Kikohozi kikashuka kifuani, kikakaa. Kaka yake Skolastika, Osmundi, fundi wa kuezeka, akaja asubuhi moja na nyundo na misumari.

"Shemeji, kumi na manane yanatosha chumba cha kulala, tena yatabaki. Niachie leo tu."

"Nusu bati, nusu nyasi? Watu wataniita nani?"

"Watakuita mtu mwenye paa."

"Bati likishapigwa msumari si jipya tena. Nikipata yale kumi na mawili yaliyobaki utaezeka yote kwa siku moja, watu waone."

Skolastika alikuwa amelala papo hapo, sufuria miguuni ikikinga matone. Hakupandisha sauti.

"Baba Gaudensi," alisema, "wenzangu wanalala chini ya paa. Mimi peke yangu nalala juu ya paa, na bado nalowa."

Benedikti alisikia vizuri. Neno lile lilimchoma, lakini aibu ya nyumba ya viraka ilimchoma zaidi. Akamwambia avumilie, mwaka huu kahawa ina maua. Osmundi akakusanya misumari yake.

Skolastika hakuiona kahawa hiyo. Alifariki Februari, mvua ikiwa imekolea.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha, kaburi likajaa maji. Wanaume waliyachota kwa ndoo, nayo yakazidi kuja. Osmundi akaingia nyumbani bila hodi, akainama, akayavuta mabati. Yalikuwa yameshikana. Maji ya miaka miwili yalikuwa yamepita godoroni yakaingia katikati yao, na ule mng'aro wote umegeuka unga mweupe. Ikabidi wayabandue kwa panga. Wakasimamisha miti minne, wakayapanga juu ya kaburi, na Skolastika akashushwa pakavu.

Benedikti alisimama kando akisikiliza mvua ikipiga bati. Miaka yote ile alikuwa akiingoja sauti hiyo. Ikamtia baridi.

"Angalau yamemfaa," alisema.

Osmundi alijipangusa uso. "Yangemfaa akiwa hai. Bati la uvunguni halizuii mvua, Benedikti."

Hakumwita shemeji tena tangu siku ile.

Hakuna aliyeyaondoa mabati yale makaburini. Yalikaa palepale mpaka yakaoza, na Benedikti hakununua jingine maishani mwake. Novemba iliyofuata majirani walipopita na nyasi hakuwasimamisha. Aliwashikia ngazi mpaka paa lote la chumba cha kulala likazibwa, naye akawa analala humo peke yake, mkavu.

Bati la uvunguni halizuii mvua.