Mzee Singano na Mashine ya Kupima Pumzi

Aliyenitumia hii hakuweka jina lake, nami sina ugomvi naye. Isome mpaka mwisho. Ni fupi, chai yako haitapoa.

Mzee Singano alifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Alikuwa upande wa kusafisha nyuzi, mahali ambapo mtu hutoka jioni akiwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Vumbi la mkonge halina adabu, linaingia popote.

Mkewe, Bi Mwantumu, alipofariki, mzee alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Watoto wote walikuwa mbali, na wote walikuwa na kazi nzuri. Walimchimbia kisima, wakamwekea umeme, wakamnunulia na redio kubwa. Kwa mazoea, mzee aliendelea kusonga ugali wa watu wawili. Alikula wake, na uliobaki aliwapa kuku wa jirani.

Siku nyingine ilipita hajazungumza na mtu yeyote. Alikuwa mpweke, tena mpweke sana, lakini hakumwambia mtu. Mwenye kisima na umeme akilalamika, watu watasema hana shukrani.

Basi kituo cha afya kikatangaza kwamba wastaafu wote wa mkonge waende kupimwa mapafu. Mzee akaenda.

Mpimaji alikuwa muuguzi mmoja anayeitwa Sista Nakijwa. Kipimo chenyewe ni hivi: unabanwa pua kwa kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kijae, unashika mrija kwa midomo, halafu unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka usibakiwe na kitu. Mashine inachora mstari na kuonyesha mapafu yako yanabeba hewa kiasi gani. Ukiacha njiani, kipimo hakifai. Ndiyo maana mpimaji hukaa karibu na wewe na kukushangilia utadhani mko uwanja wa mpira.

"Puliza, babu, puliza, puliza. Endelea, endelea, bado ipo, endelea..."

Mzee akaacha katikati, akakohoa.

"Umeishia njiani, babu. Pumzika kidogo, turudie."

Wakarudia, ikawa vilevile. Sista akamwambia arudi Alhamisi.

Alhamisi alirudi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akapuliza, akaishia njiani. Alhamisi iliyofuata hadithi ikawa ile ile. Daktari akaitazama mistari ile mifupi, akatikisa kichwa.

"Huyu mzee vumbi limemmaliza," akasema. "Akishindwa tena, tumpeleke hospitali ya rufaa wakamchunguze mpaka ndani. Na dawa aanze sasa."

Habari zikawafikia watoto. Simu ya mzee, ambayo kwa kawaida ililia siku ya Idi tu, sasa ikawa inalia kila jioni. Aliyepiga zaidi ni mtoto wake wa kwanza, Hoza, aliyekuwa Dar es Salaam.

"Baba, umekula? Umekula nini? Umelala vizuri? Kifua kinasemaje leo?"

Mzee alijibu kila swali kwa kirefu, hata aina ya mboga alitaja.

Ikafika siku ya kipimo cha mwisho, kile cha kuamua kama atapelekwa hospitali ya rufaa. Mzee alikaa kwenye benchi akingoja zamu yake. Pembeni yake kulikuwa na mama mwenye mtoto aliyekuwa akilia bila kukoma. Mzee akamwomba mhudumu glavu moja ya mpira, akaiweka mdomoni, akapuliza. Pumzi moja tu. Glavu ikavimba mpaka vidole vyote vitano vikasimama, na mtoto akanyamaza kwa mshangao.

Sista Nakijwa alikuwa mlangoni, ametoka kumwita. Aliona yote.

Alimwingiza ndani, akafunga mlango, akavuta kiti.

"Babu, mapafu yaliyojaza ile glavu si ya mgonjwa. Kwa nini unanidanganya?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "tangu bibi yako aondoke, hakuna mtu anayekaa karibu nami akaniambia endelea. Ni wewe tu, Alhamisi. Nikipuliza mpaka mwisho utaniambia niko salama, niende nyumbani. Nyumbani naenda kufanya nini?"

"Na watoto, babu?"

"Sasa hivi wananipigia kila siku. Wanaogopa nitakufa. Nikiwa mzima, nani atanipigia?"

Sista alitamani kulia, lakini kazi ni kazi. "Siwezi kuandika ugonjwa usiokuwepo, babu. Utakunywa dawa usizozihitaji, zitakudhuru."

"Najua," akasema mzee. Akachukua kibanio, akajibana pua mwenyewe.

Safari hii alipuliza. Sista alimwambia endelea, endelea, na mstari ukapanda mpaka daktari akaja kuangalia. Mapafu yalikuwa mazima. Wapo vijana wasioyafikia.

Jioni ile Hoza alipewa habari njema. Alimshukuru Mungu, akawatangazia wadogo zake kwenye kundi la familia, nao wakajibu kwa furaha mmoja baada ya mwingine. Kesho yake simu ya mzee haikulia. Wala kesho kutwa.

Sitaki kuwasema vibaya watoto hawa, maana baba yao walimpenda. Wasiwasi uliwatoka, na simu zikaondoka na wasiwasi.

Wiki zikapita, mzee hakuonekana kituoni hata kwa kusalimia. Sista Nakijwa akatafuta namba ya Hoza, akapiga.

"Habari, kaka. Mimi ni Sista Nakijwa, wa kituo cha afya cha huku kwenu."

"Nzuri, Sista. Baba amezidiwa?"

"Hapana. Baba ni mzima kabisa."

"Afadhali. Umenishtua." Hoza akapumua. "Sasa kama ni mzima, Sista, umenipigia kwa nini?"

Sista hakumjibu. Alimwacha alisikie vizuri swali lake mwenyewe. Hoza alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimekuelewa, dada."

Alikata simu, akampigia baba yake. Namba haikupatikana. Akarudia mpaka usiku, haikupatikana. Alfajiri akapanda basi la kwanza, na moyo wake haukutulia njia nzima.

Alimkuta mzee amekaa barazani, mzima, hana hata kikohozi. Hoza akamshika mikono. Baadaye akauliza, "Baba, simu yako imeharibika?"

"Haijaharibika, mwanangu," akasema mzee. "Niliacha kuichaji. Haikuwa na kazi."

Funzo: Usingoje mzazi wako augue ndipo umjulie hali. Uzima wake si sababu ya wewe kunyamaza.